Faini Bila Ufuatiliaji

Katika jiji la New York, kuegesha gari karibu na bomba la maji ya zimamoto ni kosa la dola 115. Dereva anatakiwa kuacha futi 15, yaani takriban mita 4.6, kila upande wa bomba. Kwa kawaida ukingo wa barabara haupakwi rangi ya kumwonyesha mpaka huo. Anaukadiria kwa macho. Ukali wa faini una sababu, kwani nyumba inapoungua, gari lililoziba bomba linaweza kugharimu maisha ya watu. Hata hivyo, mstari wa rangi ungemtendea haki dereva.

Ipo pia sheria ya mwaka 1950 ya kupisha usafi: kwa siku na saa zilizoandikwa kwenye vibao, upande mmoja wa mtaa uwe mtupu ili gari la kufagia lipite. Wakazi wengi hungoja wakiwa wameketi ndani ya magari yao, husogea likifika, kisha hurudi palepale.

Aliyeandikiwa faini ana siku 30 za kulipa au kupinga. Akinyamaza, faini huongezwa, na madeni yaliyokwisha kutolewa hukumu yakizidi dola 350, gari linaweza kufungwa gurudumu au kuvutwa.

Hapo kwenye ufuatiliaji ndipo penye nguvu ya sheria yote, na ushahidi ulitoka kwa wanadiplomasia wa Umoja wa Mataifa. Wao waliandikiwa faini kama wengine, ila kinga yao ilizuia wasilazimishwe kulipa. Wachumi Raymond Fisman na Edward Miguel walichunguza kumbukumbu za kuanzia Novemba 1997 hadi mwishoni mwa 2002, wakakuta faini zaidi ya 150,000 zisizolipwa, zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 18. Kuwait iliongoza kwa wastani wa faini zaidi ya 240 kwa kila mwanadiplomasia kwa mwaka. Uswidi, Japani, Oman na Burkina Faso hazikuwa na deni hata moja. Kwa hiyo utajiri wa nchi hautoshi kueleza tofauti hiyo.

Mwishoni mwa 2002 jiji liliruhusiwa kuyanyang'anya namba za kidiplomasia magari yenye faini zaidi ya tatu zisizolipwa. Makosa yalishuka kwa takriban asilimia 98. Mabalozi walikuwa na kinga ileile. Kilichoongezeka ni uhakika kwamba atakayepuuza faini atapoteza kitu.