Gari la Nchi Kavu na Majini: Je, Linalipa Omugo?

Mvua za Agosti hadi Oktoba zikikolea, barabara za udongo za Omugo, wilayani Terego, kaskazini-magharibi mwa Uganda, hukatika kwa saa kadhaa. Vijito hujaa, boda boda hupanga mstari kila ng'ambo, na mwenye gari dogo huzima injini akisubiri maji yapungue. Aliyekwama hivyo mara mbili katika wiki moja halaumiwi akitamani gari linaloingia majini na kutokea upande wa pili. Magari hayo yapo, na mengine yalitokana na gari dogo la kawaida, la ukubwa wa Toyota Vitz. Wauzaji wa Ulaya hupenda kuyatangaza kwa maneno "limetumika kidogo". Mnunuzi wa Omugo anataka kujua kama hela yake itarudi.

Jibu fupi ni hapana, na bei ni sababu ya pili tu. Ya kwanza ni maji yenyewe.

Gari lenyewe ni lipi

Yaliyouzwa kwa raia ni machache. Amphicar 770 ya Ujerumani, iliyobuniwa na Hans Trippel, ilitengenezwa miaka ya 1960 kwa injini ya Triumph Herald, na hayakufika magari 4,000. Propela mbili zilikaa nyuma, na magurudumu ya mbele ndiyo yaliyoliongoza hata majini. Tarakimu za jina lake zilikuwa ahadi ya kasi: maili 7 kwa saa majini na 70 barabarani, yaani takribani kilomita 11 na 113.

Kwa mtu wa gari dogo, mfano ulio karibu zaidi ni Dutton Mariner. Tim Dutton, mtengenezaji wa Sussex, Uingereza, alianza miaka ya 1990 kuchukua mitambo ya Ford Fiesta na kuivika bodi ya fibaglasi iliyozibwa chini kama mashua. Baadaye aligeukia Suzuki Jimny. Mwaka 2023 BYD ya China nayo ilileta Yangwang U8, gari kubwa la mseto wa umeme na petroli linaloweza kuelea kwa dakika 30 wakati wa dharura. Bei yake China ilizidi yuan milioni moja, kwa hiyo tuliache na wenye nalo.

Sheria na ushuru

Kwa upande wa sheria, kikwazo cha kwanza ni umri. Sheria ya mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza Uganda magari yaliyofikisha miaka 15 tangu kuundwa. Mariner iliyotokana na Fiesta ya miaka ya 1990 imeshapita mbali, hata kama bodi yake inang'aa na kilomita zake ni chache. Amphicar ndiyo kabisa. Linalobaki ni gari lililobadilishwa kutoka Jimny ya miaka ya karibuni, ambalo ni adimu na ghali zaidi.

Tuseme umelipata linaloruhusiwa, na limefika bandarini Mombasa likiwa limegharimu shilingi milioni 20 za Uganda pamoja na usafiri na bima. Hesabu ya kawaida huenda hivi:

- Ushuru wa forodha, asilimia 25: milioni 5.
- VAT, asilimia 18 ya thamani pamoja na ushuru huo: milioni 4.5.
- Kodi ya zuio, asilimia 6: milioni 1.2.
- Tozo ya miundombinu, asilimia 1.5: shilingi 300,000.

Jumla ni milioni 11. Gari lililozeeka huongezewa ushuru wa mazingira, ambao kwa magari ya abiria umewahi kufika asilimia 50 ya thamani. Kwa mfano wetu hiyo ni milioni 10 zaidi, na sasa serikali inadai milioni 21 kwa gari la milioni 20. Bado hujalilipia usajili, wala safari ya Mombasa hadi Kampala, wala karibu kilomita 500 za kutoka Kampala hadi Arua, jiji la jirani na Omugo. Viwango hubadilika bajeti inaposomwa kila Juni, hivyo mamlaka ya mapato, URA, waulizwe kabla ya kutuma fedha.

Gari hili lina gharama nyingine ambayo Vitz haina: ni chombo cha majini pia. Sheria ya Usafiri wa Majini ya mwaka 2021 inataka vyombo vya maziwani na mitoni visajiliwe na kupewa leseni. Utashughulika na ofisi mbili kwa gari moja. Bima ya lazima ya mtu wa tatu nayo imeandikwa kwa ajili ya barabara. Ukizama mtoni, usiitegemee.

"Limetumika kidogo" si sifa kila mara

Kwa gari la kawaida, kilomita chache ni habari njema. Kwa gari la majini, uliza saa lilizokaa ndani ya maji, na muhimu zaidi, lilifanyiwa nini lilipotoka. Amphicar ilipaswa kutiwa grisi sehemu 13 baada ya kutumika majini, na ili kuifikia mojawapo ilibidi kiti cha nyuma king'olewe. Aliyeruka kazi hiyo mara chache tu alikaribisha kutu kwenye beringi.

Gari lililokaa miaka bila kutumika lina madhara yake. Mipira ya kuziba milango na shafti hukauka na kupasuka, pampu ya kutoa maji hukwama, nyaya huota ukungu. Dai mambo manne: uone sakafu ikiwa wazi bila zulia, pampu iwashwe mbele yako, gari lielee angalau nusu saa huku injini ikinguruma, na upewe majina ya vipuri vilivyotoka nje ya gari la asili. Hili la mwisho lina uzito Arua, ambako spea za Toyota hupatikana kirahisi lakini mpira wa shafti ya propela utauagiza Uingereza na kuusubiri.

Maji ya huku yanataka nini

Gari la kuelea liliundwa kwa maji mapana yaliyotulia, yenye mteremko laini wa kuingilia na mwingine wa kutokea. Maji ya namna hiyo karibu na Omugo ni Nile, na huko tayari kuna vivuko vya serikali visivyotoza nauli. Anayekwenda Adjumani anaweza kuvukia Obongi hadi Sinyanya, au Laropi kwenye njia ya Moyo. Anayekwenda Kampala anapita daraja la Pakwach. Kasi ya kilomita 11 kwa saa haitakuokolea muda wa maana, na utapita katikati ya magugumaji, viboko na mamba ukiwa umekaa karibu kabisa na uso wa maji.

Kuna atakayesema vivuko navyo husimama. Kweli: mwaka 2020, Ziwa Victoria lilipofikia kimo cha mita 13.42 mwezi Mei, maji yalipanda pia katika Ziwa Albert na Nile inayotoka humo, na huduma za vivuko zikatatizika. Lakini gari hili nalo linahitaji mahali pa kupandia nchi kavu. Gati ikifunikwa, ukingo ukawa tope na matete, magurudumu yatazunguka bila kushika.

Sasa tuje kwenye vijito vinavyokwamisha watu hasa. Hivi ni vyembamba, vina kingo za wima, mawe chini na magogo yanayoshuka na mkondo. Maji ya sentimita 30 yanayokwenda kasi yanatosha kusukuma gari dogo. Sentimita 60 huchukua hata magari makubwa. Salama ya gari ndani ya mkondo ni uzito wake kukandamiza matairi chini. Gari la kuelea limeundwa kufanya kinyume: linainuka mapema, na likishainuka linakwenda mkondo unakokwenda. Yaani pale unapolihitaji zaidi ndipo lilipo hatari zaidi.

Hata kwa wenye uzoefu hatari haiishi. Julai 2018, huko Missouri, Marekani, gari la watalii la aina hii lilipigwa na dhoruba ziwani likazama na watu 17 wakafa.

Fundi wa Arua akuundie?

Wapo watakaosema Ulaya ya nini, mafundi wetu wanaunda kila kitu. Mpe fundi hesabu hii kwanza. Vitz ina uzito wa karibu kilo 1,000. Ongeza watu wanne na mizigo, fika 1,350. Ili ielee lazima isukume pembeni lita 1,350 za maji, sawa na majerikeni 70 hivi ya lita 20, matupu na yaliyofungwa vizuri, na hiyo ni kuifikisha kwenye ukingo wa kuzama tu. Bado kuna kuziba milango, kuhamisha bomba la moshi, kutoa nguvu ya propela kwenye gia, na kusawazisha uzito wa injini ya mbele ili pua isizame. Kazi inawezekana, ila ukimaliza utakuwa umelipia gari moja na mashua moja, na vyote viwili vitakuwa vibovu kuliko kama vingenunuliwa kando.

Mbadala kwa kulinganisha

*Gari dogo la kawaida na subira.* Vijito vingi hushuka baada ya saa chache mvua ikikatika. Vitz au Ist ambayo haijafika umri wa ushuru wa mazingira itakuokolea fedha mara mbili, ukiinunua na ukiitunza. Gharama yake ni kuchelewa.

*Gari la 4x4.* Toyota imeziruhusu Prado 150 na Land Cruiser 200 kupita maji ya hadi sentimita 70, lakini hicho ni kipimo cha maji yaliyotulia. Nguvu yake halisi Omugo ni tope baada ya maji kuondoka, na tope hukaa wiki nzima. Bei na mafuta ni mzigo kwa mtu mmoja. Kukodi kwa siku mbaya ni nafuu.

*Pikipiki na mtumbwi.* Boxer hubebwa na watu wawili kupita kwenye kina kidogo, au hupandishwa mtumbwini penye mto mpana. Kwa mzigo mwepesi hakuna kinachoishinda kwa gharama.

*Kivuko.* Nauli hakuna. Unalipa kwa kusubiri na kwa kufuata saa zake.

Nani achukue nini

Mchuuzi anayebeba mzigo wa pikipiki kwenda soko la Kubala abaki na Boxer. Mwenye familia, au anayebeba abiria kwenda Arua, anunue gari dogo changa, na tofauti ya ushuru aiweke kwenye matairi mazuri na akiba ya spea. Kikundi au shirika linalohudumia makazi ya wakimbizi, yaliyofunguliwa Omugo mwaka 2017, lina sababu ya 4x4, kwa kuwa gharama hugawanywa na kazi haingoji.

Gari la nchi kavu na majini lina mteja mmoja tu mwenye hesabu inayokubali: mfanyabiashara wa utalii Entebbe au Jinja, penye maji mapana, mteremko wa kushushia mashua, na mgeni anayelipia kuingia ziwani akiwa amekaa ndani ya gari. Boston, Marekani, biashara ya namna hiyo ipo tangu 1994. Huko anayelipa ni abiria. Omugo utalipa mwenyewe kila msimu, na kijito kikijaa utasubiri na wenzako wa Vitz.