Raba za bei mbaya na raba za mtumba: mguu wako unajua tofauti?

Mwambie mzazi yeyote wa Nanyala kwamba mwanawe ana kipaji cha mbio, na swali litakalofuata unalijua: "Sasa viatu vyake ni shilingi ngapi?" Ni swali la haki kabisa. Hapa Mbozi pesa ya nyumbani husubiri kahawa na mahindi, na kabla raba hazijanunuliwa kuna daftari, sare na mchango wa chakula shuleni. Mtoto naye ameona kwenye simu wakimbiaji wa Ulaya na Kenya wakiwa na viatu vyenye soli nene kama tofali, na ameshaanza kuamini kwamba bila hivyo hafiki popote. Wengine huacha mazoezi kwa sababu hiyo tu.

Kwa hiyo hebu tuliangalie swali hili kama wanasayansi wanavyoliangalia. Kiatu cha bei mbaya kinakupa nini hasa? Na ukiwa na raba ya mtumba ya Mlowo au Tunduma, unakosa nini?

Mguu ukigusa chini

Unapokimbia, kuna muda mfupi ambao miguu yote miwili iko hewani, halafu mguu mmoja unatua na kubeba mzigo wote. Mzigo huo hufika mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Kama una kilo 60, kila hatua ardhi inausukuma mguu wako kama vile umebebeshwa kilo 120 hadi 180, na katika kilomita moja unapiga hatua kama 1,000 hivi au zaidi.

Mwili wako umejiandaa kwa kazi hiyo. Uwayo una upinde unaobonyea na kurudi. Ukano wa kisigino, ule uzi mnene ulio nyuma ya mguu, unavutika kama mpira wa manati na kurudisha sehemu ya nguvu. Kiatu kinakuja kuongezea juu ya mfumo ambao tayari upo.

Kinachofanya kazi kubwa ndani ya kiatu ni sponji iliyo katikati ya soli. Ukiikanyaga inabonyea, ukiinua mguu inafumuka. Kila sponji hupoteza sehemu ya nguvu uliyoiwekea, ikageuka joto. Tofauti ya sponji nzuri na ya kawaida iko hapo: ni kiasi gani unarudishiwa.

Viatu vya mamilioni vinafanya nini

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado huko Marekani walitoa matokeo ya jaribio kwa wakimbiaji 18 wenye kasi kubwa. Walikipima kiatu kipya cha Nike, chenye sponji nyepesi na bamba la kaboni ndani ya soli, dhidi ya viatu viwili vya mashindano vilivyokuwa vikitamba wakati ule. Sponji mpya ilirudisha takriban asilimia 87 ya nguvu iliyowekwa. Zile nyingine mbili zilirudisha kama asilimia 76 na 66. Wakimbiaji wakiwa kwenye kasi ileile, walitumia nishati pungufu kwa wastani wa asilimia 4.

Kwa hiyo tusidanganyane: teknolojia ile inafanya kazi. Shirikisho la riadha duniani lililazimika kuweka masharti mwaka 2020: kwenye mbio za barabarani soli isizidi milimita 40, na bamba liwe moja tu.

Na kwenye ngazi ya juu, kidogo ni kingi. Alphonce Simbu alipoiletea Tanzania dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo, Septemba 2025, yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, saa 2:09:48. Picha ya mstari wa kumalizia ndiyo iliyoamua. Kwenye mbio za namna hiyo, huwezi kumwambia mtu kwamba asilimia moja haina maana.

Lakini wewe unakimbia kwa kasi gani? Hapo ndipo hesabu inapogeuka. Watafiti waliporudia vipimo kwa watu wanaokimbia taratibu zaidi, faida ilipungua hadi karibu asilimia 1.4 kwenye kasi ya kilomita 12 kwa saa, na asilimia 0.9 kwenye kilomita 10 kwa saa. Chukua mtu anayemaliza kilomita 10 kwa saa nzima. Hata kama faida yote ingegeuka kuwa kasi, angeokoa kama nusu dakika. Nusu dakika hiyo anaweza kuipata kwa wiki chache za mazoezi ya kawaida, bila kutoa hata shilingi.

Kuna jambo jingine. Kiatu kimoja hakimfai kila mtu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulipima Wakenya saba wa kiwango cha dunia na Wazungu saba wasio wa kulipwa. Kati ya Wakenya, kuna aliyenufaika kwa zaidi ya asilimia 11, na kuna ambaye kiatu cha kisasa kilimrudisha nyuma kwa kiasi kama hicho ukilinganisha na kiatu cha soli nyembamba. Wote ni wa kiwango cha dunia, lakini viatu vya kisasa havikuwapa matokeo sawa.

Kisha kuna uhai wa kiatu. Mwaka 2023 Mwethiopia Tigst Assefa aliweka rekodi ya dunia ya wanawake kule Berlin, saa 2:11:53, akiwa na Adidas yenye uzito wa gramu 138 tu. Bei yake dola 500, yaani zaidi ya shilingi milioni moja. Kampuni yenyewe ilisema kiatu hicho kimetengenezwa kwa marathoni moja pamoja na muda wa kukizoea. Sasa kipeleke kwenye njia zetu za mawe na makorongo uone.

Je, bei inazuia maumivu?

Hili ndilo wengi wanaloliamini: kiatu ghali kinalinda goti. Mwaka 2008 watafiti wa Dundee, Scotland, walichukua viatu vya kampuni tatu, kila moja bei tatu: pauni 40 hadi 45, 60 hadi 65, na 70 hadi 75. Wanaume 43 walivivaa bila kuambiwa bei, huku vipimo ndani ya kiatu vikisoma mgandamizo kwenye uwayo. Vya bei ya chini na ya kati viliukinga mguu sawasawa na vya bei ya juu, na havikuzidiwa kwa starehe pia. Ila zingatia: wengi walipimwa wakitembea, tisa tu wakikimbia. Na "bei ya chini" yao bado ni kiatu halisi cha kukimbilia, si plastiki iliyochorwa nembo.

Jeshi la Marekani nalo lilijaribu. Maelfu ya makuruta waligawanywa: kundi moja likapewa viatu kulingana na umbo la upinde wa mguu, jingine likapewa aina moja kwa wote. Majeraha hayakupungua kwa waliochaguliwa viatu "sahihi".

Je, sponji haina kazi basi? Inayo. Kule Luxembourg, wakimbiaji 848 walipewa viatu vinavyofanana kwa macho, vingine vikiwa na soli laini na vingine ngumu. Baada ya miezi sita, waliovaa ngumu walikuwa na hatari ya kuumia kubwa zaidi, kama mara moja na nusu. Kwa hiyo ulaini una maana. Lakini ulaini na bei ni vitu viwili tofauti, na sponji laini ya kutosha unaipata kwenye kiatu cha kawaida kabisa.

Kinachoumiza watu zaidi ya kiatu ni tamaa. Utafiti wa mwaka 2025 uliofuatilia wakimbiaji zaidi ya 5,000 ulionyesha kwamba ukikimbia siku moja umbali unaozidi kwa zaidi ya asilimia 10 ule mrefu kuliko yote uliokimbia katika siku 30 zilizopita, hatari ya kuumia inapanda. Ukiuzidisha zaidi ya mara mbili, hatari nayo inazidi mara mbili. Yaani mtu aliyezoea kilomita 5, kisha Jumamosi akafuata wenzake kwenye jogging ya kilomita 12, anajitafutia ugoko unaouma. Na hapo atalaumu raba.

Vipi kuhusu peku?

Mtu atakwambia: mbona Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki Roma 1960 peku? Ni kweli, alitumia saa 2:15:16. Lakini mwaka 1964 alishinda tena Tokyo akiwa na viatu, kwa saa 2:12:11. Mbio hizo mbili hazithibitishi chochote kuhusu viatu. Zinatuonyesha Bikila alikuwa mtu wa aina gani.

Watoto waliokua wakikimbia peku mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya mguu, jambo ambalo watafiti wameliona hata Bonde la Ufa Kenya, na kishindo cha kutua kinapungua. Lakini mzigo unahamia kwenye kigimbi na ukano wa kisigino. Na peku ina gharama zake: chupa zilizovunjika kando ya barabara kuu, funza, minyoo ya safura. Mtoto asizuiwe kukimbia eti kwa kuwa hana raba, ila tusijifanye peku ni bure.

Ukiwa mbele ya rundo la mtumba

Raba ya mtumba inaweza kuwa kiatu kizuri kuliko kipya cha bei hiyohiyo. Tatizo ni kwamba sponji huchoka kabla ngozi ya juu haijachakaa, kwa hiyo kiatu kinang'aa huku ndani kimeshakufa. Fanya hivi:

1. Bonyeza soli kwa kidole gumba, upande wa kisigino. Isiporudi, au ukiona mikunjo mingi ya kudumu ubavuni, iache.
2. Iweke juu ya meza na uitazame kwa nyuma. Ikiwa imelalia upande mmoja, mwenye nayo wa kwanza ameshaipa umbo la mwendo wake. Hutaibadilisha.
3. Ikunje. Inatakiwa ikunjike pale vidole vinapokunjika, si katikati ya uwayo. Angalia gundi kama inaachia.
4. Ipime mkononi. Kila gramu 100 zinazoongezeka kwa kiatu zinakugharimu takriban asilimia moja ya nishati. Ndiyo maana msimu wa mvua tope lililoganda chini linaweza kula faida yote ya kiatu cha mamilioni. Kung'uta soli ni teknolojia ya bure.
5. Vaa zote mbili na ukimbie hatua kadhaa hapohapo. Mguu ukilalamika dukani, njiani utapiga kelele. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele.

Na kuhusu zile "orijino" za bei nusu: nembo haina sponji. Ukilipia jina kwenye kiatu feki, umepigwa mara mbili.

Pesa iende wapi?

Kama una mtoto anayejiandaa kwa UMISSETA, au wewe mwenyewe ndiyo unaanza, raba nyepesi, laini kiasi, inayokutosha, inatosha kwa miaka mingi. Shule yenye bajeti ya jozi moja ya bei mbaya ingefanya vizuri zaidi kununua jozi kadhaa za kawaida za saizi tofauti ili wengi wakimbie. Kinachobaki kiende kwenye chakula na maji ya kunywa.

Siku mtoto huyo atakapokuwa anagombea sekunde na mabingwa, suala la kiatu cha kaboni litakuja, na siku hiyo linafaa kujadiliwa kwa uzito wake. Kabla ya hapo, mzazi akiuliza shilingi ngapi, una jibu: za raba moja nzuri ya sokoni, na ruhusa ya kwenda mazoezini.