Futikamba Husema Ambayo Mzani Haujui

Muulize mwanamume mwenye kitambi kiuno chake ni inchi ngapi, atakutajia namba ya suruali: 34, tangu alipooa. Hadanganyi. Ila suruali yenyewe haikai tena kiunoni; imeteremka chini ya tumbo na mkanda umeifuata huko huko. Zungusha futikamba ya fundi cherehani mahali panapotakiwa, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, akiwa ametoa pumzi bila kubana tumbo, uone itakavyosoma.

Kliniki nyingi hutegemea BMI, yaani kilo zako ukigawanya kwa kipeo cha pili cha urefu wako kwa mita. Ukifika 25 umezidi uzito, ukifika 30 ni unene uliopitiliza. Hesabu hiyo ni ya Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19, ambaye hata daktari hakuwa. Alikuwa mtaalamu wa hisabati na takwimu. Inafaa kutazamia watu wengi kwa pamoja. Kwa mtu mmoja mmoja inaweza kupotosha, kwa kuwa mzani hautofautishi msuli na mafuta, wala hauoni mafuta yamekaa wapi.

Na yalipokaa ndipo penye shughuli. Mafuta ya mapajani na makalioni, chini ya ngozi, kwa kawaida hayana makuu. Yanayozunguka utumbo, ini na kongosho ndiyo yenye fujo. Humwaga asidi za mafuta kwenye mshipa unaokwenda moja kwa moja kwenye ini, na huchochea uvimbe wa chinichini usiouma. Ini na misuli huanza kuipuuza insulini. Kongosho hutengeneza nyingi zaidi ili kufidia, miaka inapita, halafu huzidiwa. Hapo ndipo kisukari cha aina ya 2 kinapojitokeza. Wakati huo huo presha inapanda, na ini linajaa mafuta hata kwa mtu asiyewahi kuonja pombe. Ndiyo maana kipimo chepesi cha kukumbuka ni hiki: kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Mwenye sentimita 170 asivuke 85.

Kukoroma nako watu hukuchekea tu. Unene wa shingo na koo unaweza kuziba njia ya hewa usingizini, mtu akakata pumzi na kushtuka mara nyingi usiku mzima bila kujua. Asubuhi kichwa kinauma. Mchana anasinzia, na akiwa dereva wa lori hilo si la kuchekea.

Jamii yetu nayo ina lake. Bibi harusi akinenepa anaambiwa ndoa imemkubali. Akipungua, watu wananong'ona kwamba anaumwa, hofu iliyotuingia enzi UKIMWI haujapata dawa. Mtu huyo huyo akizidi tena anaitwa bonge mbele za watu. Maneno ya namna hiyo hayajawahi kumpunguza mtu kilo. Yanamfanya aone aibu kutembea barabarani na akwepe hospitali.

Isitoshe, mwili hutetea uzito wake. Ukipunguza kula ghafla, homoni ya leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, hushuka. Njaa inaongezeka na mwili unabana matumizi ya nishati. Anayerudisha kilo alizopoteza si mzembe. Chai za kukata tumbo zinazouzwa mitaani nyingi ni dawa za kuharisha: unapoteza maji, kitambi kinabaki.

Cha kutia moyo ni kwamba si lazima urudi ulivyokuwa shuleni. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia watu waliokaribia kupata kisukari. Waliowekewa lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kufanya mazoezi, kama kutembea kwa kasi, dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari yao kwa asilimia 58. Kwa mwenye kilo 90, hizo ni kilo sita na kidogo. Soda ndiyo pa kuanzia, maana chupa ya mililita 300 hubeba takriban vijiko vinane vya sukari na haishibishi.

Sindano mpya za kupunguza uzito, za semaglutidi, zinafanya kazi kweli, lakini wengi wakiziacha uzito hurudi. Zinahitaji daktari anayekufuatilia, si muuzaji wa Instagram anayekuletea kwa bodaboda.