Lingeka, chapeni namba mgongoni

UKITAKA kumtesa mwandishi wa mpira, mpeleke kwenye mechi ya mtaani ambayo wachezaji hawana namba mgongoni, halafu mwambie ataje wafungaji.

Yamenikuta huku Meatu. Timu imeingia na fulana zinazofanana rangi tu, na mbili tatu ni za kampeni zilizogeuzwa ndani nje. Bao likaingia, nikaandika kwenye daftari: "mrefu, kaptula nyeusi". Kipindi cha pili jamaa akarudi na kaptula ya bluu. Kwisha habari yangu.

Mimi nilikosa jina tu. Wenzangu uwanjani wanakosa zaidi. Mwamuzi anatoa kadi ya njano, dakika 20 baadaye anatoa nyingine, unaanza ubishi kama ni mtu yule yule. Mechi ni ya kugombea mbuzi, nani akubali kutolewa? Bado mamluki. Timu isiyo na namba inaweza kuingiza mtu wa kijiji cha tatu na msibaini mpaka kashafunga. Na kijana wa Lingeka aliyecheza vizuri, akija mtu kutafuta vipaji, atamuulizia kama nani?

Tatizo ni hela. Seti nzima ya jezi dukani inazishinda timu nyingi za vijijini, maana michango yenyewe inasubiri watu wauze pamba. Ila namba haihitaji kiwanda. Fulana zisizo na maandishi, kikopo cha rangi ya vitambaa na stensili, yaani boksi au plastiki ngumu iliyokatwa umbo la namba, kazi inafanyika uani.

Kama unaona aibu, muulize Maradona. Kombe la Dunia 1986 nchini Mexico, kocha wa Argentina, Carlos Bilardo, aliona jezi zao za bluu za kotoni ni nzito kwenye joto. Kabla ya robo fainali na England akatuma watu madukani wakanunue nyingine nyepesi. Nembo zikashonwa chapchap, namba za rangi ya fedha, za aina ya mpira wa Kimarekani, zikabandikwa kwa pasi. Juni 22 Maradona akaivaa yenye namba 10, akafunga la mkono na lile la kuwapangua Waingereza tangu katikati ya uwanja. Argentina 2, England 1. Mei 2022 jezi hiyo iliuzwa mnadani kwa zaidi ya pauni milioni 7.

Haya, turudi uani Lingeka. Fua fulana kwanza, hata kama ni mpya, ili dawa ya kiwandani itoke na rangi ishike. Usitie kilainishi. Ikikauka ipige pasi, halafu ingiza boksi ndani yake, la sivyo namba ya mgongoni itatokea tumboni.

Kukata stensili ndipo wengi wanapoharibu. Namba 1 na 7 hazina shida. 0, 4, 6, 8 na 9 zina sehemu za katikati, na usipoacha vijidaraja vya kuzishikilia zinadondoka, 8 yako inakuwa doa. Ukubwa? Kanuni za FIFA kwa namba ya mgongoni ni sentimita 25 hadi 35 kwenda juu. Usichore kinamba cha daftari, mwamuzi yuko mbali.

Bandika stensili kwa selotepu. Chukua kipande cha sponji ya godoro, chovya rangi kidogo, kisha gongagonga. Usiburuze, na usimwage rangi nyingi, itapenya chini ya kingo. Tabaka mbili nyembamba zinatosha. Acha ikauke siku nzima, halafu weka kitambaa juu na upige pasi ya moto dakika tatu hadi tano. Hata ya mkaa inafaa, ila kung'uta majivu kwanza. Moto ndio unaoifunga rangi. Ukiuruka, namba inaondoka na sabuni. Rangi ya mafuta ya milango achana nayo, inakakamaa na kupasuka.

Fulana ziwe za kotoni, rangi nyingi za vitambaa zinashika huko kuliko kwenye poliesta. Ndiyo, kotoni ikilowa jasho inakuwa nzito, Bilardo hakukosea. Lakini huu ni Mkoa wa Simiyu bana, kwenye pamba kuliko kwingine nchini. Kulalamikia kotoni hapa ni kumsema mwenyeji sebuleni kwake.

Nembo chora yenu. Simba na Yanga wana zao, na jezi feki zimeshawachosha.

Mkimaliza, niiteni mechi ya kwanza. Nitakaa palepale pembeni na daftari, na kaptula mbadilishe mtakavyo.