Sauti Inapotiwa Lijamu

Mtu aliyezoea kudhani kwamba sauti haizuiliki ila kwa ukuta mnene, wala haielekezwi ila kwa baragumu, hana budi kustaajabia sanamu ya msanii Eusebio Sempere iliyosimikwa katika bustani ya Taasisi ya Juan March mjini Madrid. Kwani sanamu hiyo si kitu ila mirija ya chuma cha pua, upana wa kila mmoja sentimita 2.9, imesimama wima kwa safu zenye nadhamu, na baina ya mrija na mwenziwe ni sentimita 10, upepo ukipenya pasi na taabu.

Mwaka 1995 wataalamu wa Hispania walieleza katika jarida la Nature kwamba, walipoipima sauti ipitayo katikati ya sanamu ile, waliona sauti yenye mitetemo ipatayo 1,670 kwa sekunde ikififia mno. Wimbi la sauti hiyo lina urefu wa sentimita 20 hivi, yaani maradufu ya masafa yaliyo baina ya safu. Kila safu hurudisha nyuma sehemu ndogo ya wimbi, na ile irudishwayo na safu ya pili huwa imekwenda sentimita 20 zaidi, kwenda na kurudi. Hivyo huiwahi ile ya safu ya kwanza kilele kwa kilele, zikasaidiana, na safu zikiwa nyingi, kisaliacho cha kupita mbele huwa haba.

Lakini ajabu iliyo kubwa zaidi ni kwamba nguzo za namna hiyo, ambazo kwa sauti moja ni kizuizi, kwa sauti nzito zaidi huwa lenzi. Tangu 1852 Mjerumani Karl Sondhauss alikwisha kuonyesha kwamba kifuko chembamba kilichojazwa hewa ya ukaa hukusanya sauti mahali pamoja, kwa sababu sauti huenda polepole zaidi ndani ya hewa hiyo kuliko katika hewa ya kawaida. Mwaka 2002 wataalamu wa Valencia, miongoni mwao baadhi ya wale walioipima sanamu, walifikia natija hiyo hiyo bila ya kifuko wala hewa ngeni: walipanga fito za aluminiamu katika umbo la lenzi mbinuko, na sauti, ikilazimika kuzizunguka, ikapunguza mwendo, ikapinda, ikakutana upande wa pili.

Hata hivyo vipimo havina huruma. Wimbi la mitetemo 100 kwa sekunde hukaribia mita tatu na nusu, na lenzi ya kulikusanya ingetaka kimo cha nyumba. Kwa kulizuia, wataalamu wa Hong Kong walipata hila mwaka 2000: walivika mpira laini vipande mviringo vya madini ya risasi, wakavigandisha ndani ya gundi ngumu, na kila kipande, kikitikisika ndani ya mpira wake kinyume cha wimbi, hushiriki kulikomesha wimbi lenye urefu wa takribani mara mia ya masafa yaliyo baina ya vipande.

Basi anayetaka kujikinga na makelele ya barabara kwa safu za nguzo, ili upepo usikatizwe, asianze kwa kuuliza bei ya chuma. Aanze kwa kuuliza makelele hayo yana mitetemo mingapi kwa sekunde, maana jawabu hilo ndilo litakalomwamulia nafasi ya kila nguzo.