Gmail ya Fundi Simu

Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na katibu wa chama cha wakulima wa kahawa huku Kasulu: "Kwa nini tusiweke tu kitufe cha 'Ingia kwa Google' kwenye mfumo wa wanachama? Si kila mwenye simu ana Gmail?"

Anayo, katibu. Je, ni yake?

Kaa nusu saa kwenye kibanda cha fundi simu pale stendi ya Kibondo. Mzee amenunua simu ya kupangusa, anataka WhatsApp, na Play Store haimpi bila akaunti. Fundi anajaza mwenyewe: tarehe ya kuzaliwa ya kukisia, nywila ileile ya mteja wa jana, na namba ya kurejeshea akaunti ni ya fundi. Foleni ikiwa ndefu hafungui hata mpya, anaingiza ile ya kibandani. Mzee anaondoka hajui kama ana barua pepe. Sasa wewe funga malipo ya kahawa yake humo!

Watu wanadhani Google inamthibitisha mtu. Haimthibitishi. Utaratibu ulio nyuma ya kitufe hicho, OpenID Connect, uliotoka 2014 juu ya OAuth 2.0, unakuambia jambo moja: aliyebonyeza kitufe anaishika akaunti fulani. Uanachama, shamba, kitambulisho cha NIDA, havimo. Wazee kumi wenye akaunti moja ya kibandani, kwa mfumo wako ni mzee mmoja.

"Lakini Google ina ulinzi mkali." Kufuli ambalo ufunguo wake uko mfukoni mwa fundi linamlinda fundi.

Kwa wakulima, basi: namba ya uanachama, namba ya siri, msimbo wa SMS, na karani anayewajua kwa sura awasaidie wanaosahau. Kitufe cha Google waachie watumishi wa ofisini. Ukikiweka, mtambue mtu kwa namba ya akaunti iitwayo "sub", si kwa barua pepe, maana barua pepe hubadilika. Hati ya utambulisho inayotoka Google (ID token) ihakikiwe kwenye seva. Anwani ya kurudi (redirect URI) isajiliwe herufi kwa herufi; mkwaju mmoja ukizidi, unakataliwa. Siri ya programu (client secret) isikae kwenye ukurasa. Omba jina na barua pepe tu, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafika mpaka Kibondo.

Katibu, wapigie wanachama ishirini. Usiwaulize nywila, waulize tu Gmail yao inaitwaje. Niletee majibu, ndipo tuzungumze habari za kitufe.