Jua liliniumbua, jamani!

Wee acha tu! Mwaka jana nilimshawishi mama watoto tuachane kabisa na sheli. Tukauza magari yetu mawili ya petroli, tukachukua Nissan Leaf mbili za mtumba kutoka Japani na kupandisha paneli za sola za kilowati 4 juu ya bati, hapa Tabata. Mtaani wakaniita Mzee wa Jua. Nikatamba!

Hesabu zilikuwa mteremko. Leaf hula kama uniti 15 kwa kilomita 100. Kwenda Posta na kurudi hazifiki 30, yaani uniti tano hivi kila gari. Siku ya jua kali paneli hutoa kama uniti 16. Chenji inabaki!

Kumbe mwenzenu nilisahau kitu kimoja: jua likiwaka, magari yote yako kazini. Tukirudi, jua limeshalala. Ikawa tunachaji usiku kwa umeme wa kununua.

Usiku mmoja umeme ukakatika, mtoto akashikwa na homa, magari yote mawili hoi. Nikamkimbiza hospitali kwa bajaji ya jirani. Ya petroli! Mtoto alipona, ila aibu ilibaki kwangu.

Mama watoto hakufoka. Alisema tu, "Baba, jua halimsubiri mtu."

Sasa tunaondoka pamoja na gari moja, jingine linabaki kunywa jua. Kesho zamu inageuka. Na hakuna linalolala chini ya nusu.

Kwa hiyo mshikaji, kabla hujanunua paneli, jiulize: mchana gari lako huwa wapi?